Muziki, Kuchora, Maigizo, Michezo au Stadi za Kazi: Shule ya Msingi Ianze na Lipi?

Tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Tanzania katika elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, Sanaa na Michezo limekuwa somo lenye jina lake na vipindi vyake kwenye ratiba ya shule ya msingi. Kenya nako, mwaka huohuo, sanaa, muziki na elimu ya viungo katika gredi ya nne hadi ya sita, ambavyo mtaala wa umilisi ulikuwa umevitenganisha, viliunganishwa kuwa eneo moja la Sanaa Bunifu. Swali la kama masomo haya yanastahili kuwapo limekwisha jibiwa na wakuza mitaala. Lililobaki liko mezani kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, nalo ni gumu zaidi, kwa sababu jina moja la somo limebeba kuimba, ngoma, kuchora, kufinyanga, kuigiza na riadha kwa pamoja, ilhali walimu ni walewale na vyumba ni vilevile. Shule isiyoweza kufanya yote vizuri kwa mara moja ianze na lipi?

Kwa shule ya umma swali hilo ni la fedha pia. Ruzuku ya uendeshaji nchini Tanzania iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, na sehemu ya kiasi hicho hubakizwa kwa ajili ya vitabu kabla shule haijapokea chochote. Mwalimu mkuu akishalipia chaki, karatasi za mitihani na matengenezo ya madawati, kinachobaki hakiwezi kununua kinanda. Ndiyo maana ulinganisho huu unaangalia shule ya kawaida yenye darasa la watoto 60, 80 au zaidi, wala hauangalii shule yenye chumba cha muziki na kabati la rangi.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja zaidi ya vingine: ndani ya kipindi cha dakika 40, ni watoto wangapi wanaofanya, na ni wangapi wanaotazama wenzao wakifanya? Gharama ni muhimu, na uwezo wa mwalimu ni muhimu, lakini somo la sanaa ambalo watoto 20 wanacheza ngoma na 60 wamekaa chini ya mwembe kuwapigia makofi limewafundisha watoto 20 tu, hata kama onyesho lao lilimfurahisha mgeni rasmi.

Kuna kipimo kingine kinachopendwa sana, nacho naomba kiwekwe kando tangu mwanzo, yaani kuuliza ni sanaa ipi itakayopandisha alama za hisabati. Utafiti uliofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2004 uliwagawa watoto 144 wa miaka sita katika makundi manne: kinanda, kuimba, maigizo, na wasiopewa chochote. Waliofundishwa muziki walipata ongezeko dogo katika vipimo vya akili kuwashinda wenzao, na wale wa maigizo ndio walioonyesha mabadiliko mazuri katika namna ya kuishi na wengine. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya Houston, Marekani, ambako shule 42 ziligawanywa kwa bahati nasibu ili baadhi zipate vipindi zaidi vya sanaa kwa msaada wa wasanii wa mji huo. Katika shule zilizopata, makosa ya nidhamu yalipungua, uandishi ukaimarika na watoto wakaonyesha huruma zaidi kwa wenzao, huku masomo mengine yasiathirike kwa kupunguziwa muda. Ninachokiona katika matokeo hayo mawili ni kwamba kila sanaa hutoa kitu chake. Anayechagua muziki kwa kutarajia hesabu atavunjika moyo baada ya muhula mmoja na kukirudisha kipindi kwenye mazoezi ya mtihani, na kosa halitakuwa la muziki.

Kuimba na ngoma

Kwa kipimo cha idadi ya watoto wanaofanya, hakuna somo linaloishinda sauti ya binadamu. Watoto 80 wanaweza kuimba kwa pamoja bila shule kununua chochote, na utaratibu wa kiongozi na waitikiaji, ambao karibu kila jamii ya Afrika Mashariki inao, unampa mwalimu asiyejua nota njia ya kufundisha wimbo mpya ndani ya dakika kumi. Mtoto wa darasa la kwanza anafika shuleni akiwa tayari na hazina ya nyimbo za kuruka kamba, za kubembeleza mdogo wake na za michezo ya jioni. Mwalimu anayeanzia hapo hajaanza na sifuri.

Hapa ndipo utajiri wa somo hili unapoonekana. Wagogo wa Dodoma wanajulikana mbali sana kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazotembea pamoja, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo katika majukwaa ya dunia akiwa mmoja wa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Uimbaji wa namna hiyo watoto huupata kwa kusikia na kurudia, wakiwa wamesimama karibu na wakubwa wanaoujua, kabla ya mtu yeyote kuwaandikia kitu ubaoni. Shule iliyoko Chamwino au Mpwapwa ikiagiza mwongozo wa muziki kutoka mbali na kuwaacha bibi wanaoishi jirani na uwanja wake, imepoteza mwalimu bora kuliko wote ambao ingeweza kuwapata.

Mfano mmoja wa kazi inayowezekana kesho asubuhi: mwalimu analigawa darasa pande mbili na kuhesabu kwa sauti moja hadi sita, kisha anaanza tena bila kusita. Upande wa kulia unapiga makofi kila baada ya hesabu mbili, yaani kwenye moja, tatu na tano. Upande wa kushoto unapiga kila baada ya hesabu tatu, yaani kwenye moja na nne. Mwanzoni pande zote mbili zinavutana na darasa linacheka, lakini baada ya mizunguko kadhaa mlio unatulia, na watoto wanasikia kwamba pande hizo hukutana kwenye moja tu. Mdundo huo wa mbili dhidi ya tatu umo katika ngoma nyingi za pwani na za bara. Mwalimu wa hisabati akiingia baadaye kufundisha kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3, atakuta mikono ya watoto imekwisha kulijua jibu. Silisemi hili kuyarudisha yale niliyoyaweka kando, kwa kuwa zoezi lile lingefaa hata kama lisingefika kwenye hisabati hata kidogo.

Kasoro za muziki nazo zisemwe. Kelele zinapita ukutani, na shule yenye vyumba visivyo na dari humfanya mwalimu wa darasa la jirani alalamike kwa haki. Suluhisho ni kipindi cha nje au saa ya mwisho. Mtoto anaweza kujificha ndani ya kundi, akafungua mdomo bila kutoa sauti mwaka mzima. Halafu kuna wazazi ambao, kwa sababu za imani, hawapendi watoto wao wapige ala. Shule iwasikilize kwa heshima, na haina haja ya kufuta somo, kwa maana mashairi na tenzi zimeimbwa kwa mahadhi kutoka Lamu hadi Pemba kwa karne nyingi bila ala, na mtoto anayejifunza kuimba ubeti kwa mahadhi yake sahihi amejifunza muziki kamili.

Kuchora na kufinyanga

Kuchora ni kinyume cha kuimba karibu katika kila jambo. Ni kazi ya kimya, ya mtu mmoja mmoja, inayoacha kitu ambacho mwalimu na mzazi wanaweza kukishika na kukitazama. Mtoto mwenye haya, ambaye katika kwaya hasikiki na katika maigizo hajitokezi, hapa anaonekana. Mtoto asiyesikia vizuri, ambaye kipindi cha muziki kinampita kando, hapa yuko sawa na wenzake. Kwa sababu hiyo sikubaliani na shule zinazosema kwamba kwaya yao inatosha kuwa ndiyo sanaa yao.

Gharama zake ni za kati. Daftari lisilo na mistari na penseli ni kitu kidogo kwa mtoto mmoja, ila kikizidishwa mara 600 kinageuka mchango, na mchango huzaa malalamiko. Shule inaweza kupunguza mzigo kwa kutumia chaki kwenye sakafu ya saruji, mkaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, na kijiti juu ya mchanga laini uliolowanishwa. Kalamu za rangi zinaweza kusubiri. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za kung'aa za kupakia vyuma na mbao za kawaida za dari, na aina ya uchoraji yenye jina lake imewalisha wachoraji wengi hadi leo. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi.

Tatizo la kuchora katika shule zetu liko katika namna linavyofundishwa. Mwalimu anachora ubaoni nyumba yenye mlango katikati, mlima nyuma yake na jua kwenye kona, watoto wananakili, mwalimu anasahihisha kwa alama ya vyema kwa nyumba iliyofanana na yake. Kipindi hicho ni cha kunakili, na mtoto aliyekipitia miaka sita anajua kuchora nyumba moja. Badala yake kila mtoto apewe jani. Nusu ya darasa wapewe majani ya mwembe, nusu yale ya mwarobaini, kisha waulizwe kabla ya kuanza: ukingo wake ni laini au una meno? Mshipa wa katikati unafika hadi ncha? Mishipa midogo inatoka ikikabiliana au ikipishana? Mtoto anachora, analiweka jani kando ya mchoro, anafuta, anarudia. Dakika 20 za namna hiyo humfundisha kutazama, na mwalimu wa sayansi anayehitaji watoto watambue sehemu za mmea anapokea darasa lililokwisha kuziona kwa macho yao wenyewe. Mwalimu anayesema hajui kuchora anaweza kabisa kukiongoza kipindi hiki, kwa sababu kazi yake ni kuuliza maswali, na ubao anaweza kuuacha mtupu.

Ufinyanzi unastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa, hasa mahali penye udongo. Watoto wa darasa la kwanza na la pili, ambao vidole vyao bado vinahangaika kushika penseli, hupata nguvu ya mkono kwa kukanda udongo kuliko kwa kuandika mistari ya herufi moja. Mwalimu anahitaji ndoo kadhaa za udongo unaonata, ambao ukiviringishwa kama kamba na kuzungushwa kidoleni haupasuki. Ukipasuka, utafutwe mwingine. Udongo unakandwa hadi hewa iishe ndani yake, na kazi zilizokwisha zinakaushwa kivulini siku kadhaa ili zisinyauke upande mmoja, na kwa kuwa unyevu uliobaki ndani ndio unaopasua chungu motoni. Za watoto wadogo hazihitaji kuchomwa. Zikauke, zitazamwe, kisha zirudishwe kwenye ndoo kuwa udongo tena, na hapo gharama ya kipindi kijacho imekwisha kulipwa. Kule Ikombe, jirani na Matema kwenye Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vyembamba vinavyosifika kote kusini. Shule ya Kyela yenye mafundi kama hao katika eneo lake haina udhuru wa kusema imekosa mwalimu.

Nikiweka kuimba na kuchora bega kwa bega, uamuzi wangu unafuata ukubwa wa darasa. Darasa likizidi watoto 60 na shule ikiwa haina fedha ya karatasi, ianze na kuimba katika vipindi vya kila wiki, na kuchora kuingie mara mbili kwa mwezi kwa chaki na mkaa. Darasa likiwa chini ya hapo, ningeanza na kuchora na kufinyanga, kwa kuwa mwalimu anaweza kuzungukia meza zote na kusema neno kwa kila mtoto, jambo ambalo katika kuimba halitokei.

Maigizo

Maigizo hayahitaji kifaa hata kimoja, na ndiyo somo linaloweza kuingia ndani ya masomo mengine bila kuiba dakika. Kipindi cha Kiswahili kinachohusu mazungumzo sokoni kikifanywa na watoto wawili wawili, mmoja akiwa muuzaji wa nyanya na mwingine mnunuzi anayeomba kupunguziwa, darasa zima linazungumza kwa wakati mmoja, na mtoto anayeongea lugha nyingine nyumbani anapata nafasi ya kutamka Kiswahili bila kusimamishwa mbele ya watu. Tanzania ina urithi wake hapa: ngonjera, ushairi wa kujibizana uliokuzwa na Mathias Mnyampala miaka ya 1960, ulisambaa mashuleni kwa sababu uliunganisha hoja, kumbukumbu na utendaji katika kazi moja.

Udhaifu unaanza pale mchezo unapoandikwa na mtu mzima, ukakaririshwa kwa watoto kumi na tano waliochaguliwa kwa ufasaha wao, ukasubiri siku ya maadhimisho. Watoto wale wanafaidika, ila waliobaki hawapati kitu. Mwalimu akitaka maigizo yamfae kila mtoto, awape makundi ya watu watano tatizo moja, kama vile mtoto aliyepoteza fedha ya kununua sukari, na kila kundi litafute mwisho wake. Makundi mawili tu ndiyo yatakayoonyesha siku hiyo, mengine wiki zifuatazo. Ninapendekeza maigizo yasihesabiwe kuwa chaguo linaloshindana na muziki au kuchora. Yawekwe ndani ya Kiswahili na maadili, na vipindi vya sanaa vibaki kwa yale yasiyoweza kuhamia kwingine.

Michezo

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu hoja yenyewe haina ubishi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za shughuli za kuutumikisha mwili kila siku. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita tatu kwenda shule na kuchota maji jioni huenda amezipita. Mtoto wa mjini anayeletwa na basi la shule na kurudishwa kwenye runinga hajazifikia. Kwa hiyo shule ya mjini, na hasa ile ya binafsi isiyo na uwanja, inapaswa kuweka michezo mbele zaidi kuliko shule ya kijijini, ingawa mara nyingi inakuwa kinyume chake.

Kosa linalojirudia ni mpira mmoja kwa darasa zima. Watoto 22 wanacheza, wasichana wengi wakiwa pembeni, na mwalimu anasahihisha madaftari kivulini. Rede, mbio za kupokezana vijiti, kuruka kamba na mdako vinachezwa na makundi kumi kwa wakati mmoja, kwa mipira ya makaratasi na kamba za katani. Mwalimu mkuu akitaka kujua kama somo hili linafundishwa, asiulize timu ilishika nafasi ya ngapi. Aende uwanjani ahesabu waliokaa.

Stadi za kazi

Somo hili lina historia nzito. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba au karakana, na mwanafunzi aunganishe kazi ya mikono na ya kichwa. Wazo hilo bado lina nguvu kwangu. Hata hivyo, lilipofika katika shule nyingi liligeuka kuwa kazi tupu: kulima, kuchota maji, kufagia uwanja, na hata adhabu ya waliochelewa. Mtoto anayepalilia bila kuelezwa kwa nini mahindi yamepandwa kwa nafasi ile, au bila kuandika mvua ilinyesha siku ngapi, hajafundishwa stadi yoyote ambayo hangeipata nyumbani.

Ukilinganisha na sanaa nyingine, stadi za kazi zinadai vifaa vingi na uangalizi mkubwa: sindano, mikasi, jembe, moto wa kupikia. Kwa madarasa makubwa ningechagua ususi kwanza. Ukindu au milala inapatikana kwa bei nafuu pwani na visiwani, mtoto mmoja anahitaji kiasi kidogo, hakuna chuma kikali, na ukili wa kwanza, yaani utepe uliosukwa kwa majani hayo, unakamilika ndani ya vipindi vichache. Tena anayesuka ukili wa rangi mbili analazimika kuhesabu miyaa, yaani vipande vya majani anavyosukia, na kuona kosa mistari mitatu baadaye, na kulifumua mwenyewe ni somo la uvumilivu ambalo hotuba haiwezi kulitoa. Bustani ni nzuri pale tu penye maji ya uhakika wakati wa kiangazi. Vinginevyo miche hukauka likizo ya Juni na watoto hujifunza kwamba kazi yao haikuwa na maana.

Kuhusu kompyuta na lugha za kigeni kama Kifaransa, Kiarabu na Kichina, ambazo nazo huitwa masomo maalumu, ushauri wangu ni kusubiri hadi shule iwe na mwalimu anayezimudu. Mwalimu asiye na sauti nzuri anaweza kuongoza wimbo, lakini asiyejua Kifaransa hawezi kukifundisha.

Mtihani, mashindano au kipindi cha kila wiki

Hata shule ikichagua vizuri, somo linaweza kufa kwa sababu ya namna linavyowekwa, na jirani zetu wanatupa mifano ya kutosha. Mfumo wa 8-4-4 wa Kenya, ulioanza mwaka 1985, uliingiza sanaa, ufundi, muziki na sayansi ya nyumbani katika shule za msingi na kuyapima. Wazazi walilalamikia gharama za vifaa na wingi wa masomo, na mapitio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaacha masomo matano tu katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Muziki na sanaa vilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, ila vipindi vyake vikachukuliwa na hisabati na Kiingereza. Uganda nako, mtihani wa darasa la saba unapima masomo manne, na sanaa haimo.

Je, dawa ni kuutahini muziki? Mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, ulioanza Kenya mwaka 2022, uliiweka Sanaa Bunifu pamoja na masomo ya jamii katika karatasi ya maswali ya kuchagua. Hilo limelinda jina la somo, na si jambo dogo. Lakini mtoto anaweza kuchagua jibu sahihi kuhusu kayamba bila kuwahi kulitikisa, na mwalimu mwenye haraka atafundisha majina ya ala badala ya ala. Nakubaliana zaidi na upimaji wa shuleni wa kazi yenyewe: jalada la michoro mitano ya mwaka, wimbo mmoja ulioimbwa na watoto wanne wanne, ukili wa urefu uliokubaliwa.

Mashindano ni njia ya pili. Tamasha la muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na UMITASHUMTA ya Tanzania huwakutanisha wanafunzi wa shule za msingi katika michezo pamoja na kwaya na ngoma. Faida yake ni ya kweli: watoto husafiri, husikia nyimbo za makabila mengine, na shule hujivunia. Hasara yake ni kwamba muda, nauli, sare na walimu bora vyote huelekezwa kwa watoto 30, mara nyingi walewale miaka mitatu mfululizo. Ushauri wangu kwa kamati za shule ni kwamba kikundi cha mashindano kisipewe senti wala saa kabla kila darasa halijapata kipindi chake cha wiki. Kikundi kikitokana na vipindi hivyo kitakuwa imara zaidi, kwa kuwa vipaji vingine havionekani mpaka kila mtoto ajaribu.

Nani afundishe

Shule za binafsi huajiri mwalimu maalumu wa muziki au wa kuchora, na mzazi mwenye uwezo ana haki ya kulipendelea hilo. Mwalimu huyo anajua hatua za kumfikisha mtoto mbali. Shule ya umma haiwezi kumsubiri. Njia nafuu kuliko zote ni walimu kubadilishana vipindi: anayependa kuimba achukue muziki wa madarasa matatu, na anayemwachia amfundishie sayansi au jiografia kwa idadi ileile ya vipindi. Hakuna posho inayohitajika. Kinachohitajika ni mwalimu wa taaluma aliye tayari kuipanga ratiba upya mwanzoni mwa mwaka.

Fundi wa kijijini, awe mpiga ngoma, mfinyanzi au msusi, ni chaguo la tatu, na nalithamini kuliko yote mahali ambapo sanaa bado hai. Alipwe, hata kidogo, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kamati, na asiachwe peke yake na watoto. Mwalimu wa darasa akae humo mwanzo hadi mwisho, kwa usalama wa watoto na ili naye ajifunze kuendeleza kazi fundi akiondoka.

Mzazi anayechagua shule kwa ajili ya mtoto wake asiridhike na video ya mahafali. Aombe kuona daftari la kuchorea la mtoto yeyote wa darasa la tatu, achague mwenyewe daftari hilo, na atazame kama nyumba iliyomo inafanana na nyumba zilizomo katika madaftari mengine yote. Kisha aulize kipindi cha sanaa kiko siku gani na saa ngapi, na afike siku hiyo bila taarifa.